Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Safari ya Kato Hifumi katika Shogi

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukweli wa kauli hii unadhihirika katika maisha ya Kato Hifumi, gwiji wa shogi, yaani sataranji ya Kijapani, aliyestaafu mwaka wa 2017. Kato alishindwa mara 1,180, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa kulipwa aliyekuwa ameifikia. Je, inakuwaje mtu aliyeshindwa mara nyingi hivyo akaenziwa kama jagina?

Shogi huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa miraba 81, kila mmoja akianza na kete 20. Lengo ni kumnasa mfalme wa mpinzani. Tofauti na sataranji ya kawaida, kete iliyotekwa katika shogi haifi. Aliyeiteka anaweza kuirejesha ubaoni ipigane upande wake. Aidha, miongoni mwa wachezaji wa kulipwa, aghalabu mchezo hufungwa na mshinde wala si mshindi. Yeye ndiye anayeinamisha kichwa na kutamka kwamba ameshindwa.

Kato alizaliwa tarehe 1 Januari 1940 katika mkoa wa Fukuoka. Aliingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa mnamo Agosti 1954, akiwa na umri wa miaka 14 na miezi 7. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo akiwa mdogo kiasi hicho. Mwaka wa 1960, akiwa na miaka 20, aliwania taji kongwe la Meijin dhidi ya Oyama Yasuharu, akashindwa. Aliliwania tena mwaka wa 1973 dhidi ya Nakahara Makoto, akapoteza michezo yote minne. Hatimaye, mwaka wa 1982, alikutana na Nakahara kwa mara nyingine. Mchuano wa michezo 7 ulirefuka ukawa wa michezo 10, kwa kuwa mitatu haikupata mshindi. Kato alishinda minne dhidi ya mitatu. Taji alilolisaka kwa miaka 22 lilidumu mikononi mwake mwaka mmoja tu, kwani mwaka wa 1983 alipokonywa na Tanigawa Koji, kijana wa miaka 21.

Wengi wangedhani kwamba huo ndio uliokuwa wakati mwafaka wa kung'atuka. Kato hakung'atuka. Aliendelea kucheza huku akiporomoka polepole kutoka daraja la juu hadi la chini. Mnamo Desemba 2016, akiwa na miaka 76, aliketi mbele ya Fujii Sota, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa ameivunja rekodi yake ya umri mdogo. Fujii alishinda. Kwa mchezo huo, Kato akawa amepambana na wachezaji waliozaliwa katika karne tatu: ya 19, ya 20 na ya 21.

Kanuni ndizo zilizomstaafisha. Mchezaji aliyetimiza miaka 60 akiteremshwa kutoka daraja la mwisho la ligi ya Meijin, hana budi kustaafu. Kato alicheza mchezo wake wa mwisho tarehe 20 Juni 2017, akiwa na miaka 77, akashindwa. Alikuwa amecheza kwa miaka 62 na miezi 10, michezo 2,505, na kushinda 1,324.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Mchezaji dhaifu hawezi kushindwa mara 1,180, maadamu huondolewa mapema. Bingwa anayechelea fedheha naye hujiondoa mwenyewe kabla ya idadi hiyo kutimia. Anayeweza kuifikia ni yule tu anayeshinda vya kutosha kubaki ubaoni, na ambaye, kila anapoangushwa, huinamisha kichwa, hukiri, kisha hurejea kucheza tena.