Shokapu za Magari Makuukuu: Uteuzi na Ubadilishaji Wake

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye magari ya miaka mingi wanakumbushwa kuwa shokapu ni chombo cha usalama, wala si cha starehe peke yake. Springi ndizo zibebazo uzito wa gari. Kazi ya shokapu ni kuzituliza zisiruke-ruke, ili tairi zishike barabara. Shokapu ikifa, tairi hudunda na gari huchelewa kusimama dereva akanyagapo breki.

Dalili zake ni kuvuja mafuta, tairi kulika mabonde mabonde, na gari kuinamisha pua linapofunga breki. Tena, pembe ya gari ikandamizwe kwa nguvu na kuachiwa: ikinesa zaidi ya mara mbili, shokapu imechoka.

Wakati wa kununua, ziteuliwe zinazolingana na aina na namba ya chasisi ya gari. Zilizokwishatumika ziepukwe, kwani uchovu wake wa ndani hauonekani kwa macho. Zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto, pamoja na mipira yake. Ieleweke pia kuwa gari lililoinama kwa springi kulegea halinyanyuki kwa shokapu mpya.

Shokapu zilizovikwa springi zifunguliwe na fundi mwenye kibanio maalumu, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua. Kazi ikimalizika, magurudumu yapimwe unyoofu wake, tairi zisije zikalika upande.