Jeraha la Mrija wa Nyongo na Matengenezo Yake

Mchinjaji wa mbuzi huitoa nyongo kwa hadhari, kwani ikipasuka nyama huwa chungu. Nayo lugha husema kwamba jambo lililoharibika limetumbukia nyongo. Neno hilo lina maana mbili: maji yale machungu, na mfuko uyawekao. Maji hayo hufanywa na ini, wala si na mfuko, ambao ni ghala tu. Kwa hivyo mtu aliyetolewa mfuko kwa sababu ya vijiwe huishi bila taabu. Lakini mrija mkuu, uichukuao nyongo kutoka katika ini hadi utumbo mwembamba, hauna badala.

Carl Langenbuch wa Berlin aliutoa mfuko huo mwaka 1882 kwa kulipasua tumbo. Mwaka 1985 Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, aliutoa kwa kupitisha vyombo na kioo cha kutazamia katika matundu madogo. Maumivu yalipungua, na wagonjwa wakarudi makwao upesi. Ila majeraha ya mrija mkuu yalizidi: zamani yalihesabiwa 1 au 2 katika wagonjwa 1,000, kwa njia ya matundu hutajwa 3 hadi 5.

Aghalabu kosa si la mkono. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa Marekani walichunguza majeraha 252, wakaona kwamba 97 katika kila 100 asili yake ni jicho kudanganyika. Mfuko ukivutwa vibaya, mrija wake mdogo na mrija mkuu hulala katika mstari mmoja. Mpasuaji huudhani mkuu kuwa ndio mdogo, akaubana na kuukata kwa yakini kabisa. Ndiyo maana wengi hawatambui siku ile ile. Steven Strasberg alishauri mwaka 1995 kwamba pasikatwe kitu mpaka mafuta yaondolewe, sehemu ya chini ya mfuko ibanduliwe katika ini, na vionekane vitu viwili tu viingiavyo mfukoni: mrija mdogo na mshipa wa damu.

Dalili huja baada ya siku kadhaa: tumbo kujaa na kuuma, homa, au macho kugeuka manjano. Ikiwa nyongo yavuja katika kisiki cha mrija mdogo, tiba ni nyepesi. Nyongo iliyomwagika tumboni hutolewa kwa mpira, kisha kwa chombo kipitishwacho kinywani hadi utumboni huwekwa kibomba katika mrija mkuu, ili nyongo ishuke kwa urahisi na tundu lizibe lenyewe.

Mrija uliokatwa kabisa ni shauri jingine. Hapo kipande cha utumbo mwembamba hupandishwa na kushonwa kwenye mrija chini ya ini, kwa mpango uitwao kwa jina la César Roux, mpasuaji wa Uswisi. Mrija huo ni mwembamba, na mahali palipovimba na penye usaha hapashiki uzi. Basi mpasuaji asiyezoea kazi hiyo, agunduapo kosa lake, afadhali aweke mpira wa kutolea nyongo na kumpeleka mgonjwa kwa bingwa kuliko kujaribu mwenyewe. Ushauri mgumu kwa mtu aliyefadhaika, lakini tengenezo la kwanza ndilo lenye matumaini makubwa kuliko yote yafuatayo. Pakiwa na uchafu tumboni, bingwa naye huweza kungoja majuma 6 au zaidi.

Kisa cha Anthony Eden, waziri wa Uingereza, ni cha zama za kulipasua tumbo, lakini jeraha ni lile lile. Mrija wake uliumizwa London mwaka 1953, akapasuliwa tena huko huko, na mwishowe Richard Cattell akautengeneza Boston. Oktoba 1956, akiwa Waziri Mkuu katikati ya mzozo wa Suez, homa kali ilimrudia. Mwaka 1957 alikuwa tena mikononi mwa Cattell. Mshono wa namna hiyo huweza kusinyaa hata baada ya miaka mingi, na kwa hivyo damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara, ajapojiona mzima.