Barabara na Umma, Sehemu ya Nne: Hongo, Jembe na Mtaro

Adui wa kwanza wa barabara ya changarawe kwenye miteremko ya Mlima Elgon ni maji. Lori la miwa huilemea na jua huipasua, lakini mtaro ulioziba ndio unaoimaliza. Maji yaliyokosa njia pembeni hupanda katikati, hubeba changarawe na kuacha udongo mtupu, na kabla mvua ndefu hazijaisha gari hukwama mahali lilipopita bila shida mwezi Februari. Mjenzi wa barabara Mskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, alilisisitiza jambo hili kuliko lingine lolote: udongo wa chini ukikaa mkavu utabeba mzigo, ukilowa, hakuna jiwe litakalouokoa.

Sehemu zilizotangulia zilieleza mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 na mgawanyo wa majukumu katika Katiba ya 2010. Mabishano ya magavana na wabunge kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara, yaliyozuka mwaka 2024, yanadai maelezo zaidi. Kila upande unauliza nani ashike fedha. Liko swali kongwe kuliko hilo, nalo ni nani ashike jembe, na kwa niaba ya nani. Historia ya Kitale na Bungoma ina jibu lake.

Kabla ya barabara kulikuwa na njia ya msafara. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walitoka pwani hadi makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga, na kutoka hapo wakatafuta pembe za ndovu kuuzunguka Mlima Elgon. Msafiri Joseph Thomson alipofika kwenye makao hayo mwaka 1883, watu wa misafara walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Mumia. Kitale nayo hutajwa katika simulizi za wenyeji kuwa kituo cha misafara ya watumwa.

Katika njia hizo ndefu, msafara uliopita katika nchi ya watu ulitoa hongo: vitambaa vya merikani, shanga au waya wa shaba. Wakati huo neno hilo halikuwa na aibu. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, ambako maji ni haba, hongo ililipwa hadharani baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa, na aliyeipokea alikuwa na wajibu: kuwafungulia wageni visima na kuwaacha wapite salama. Yalikuwa malipo ya huduma, yenye mpokeaji anayejulikana na jambo analodaiwa. Leo neno lilelile lina maana ya rushwa, fedha inayopenyezwa gizani kwa mtu ambaye tayari ana mshahara wa kazi hiyohiyo. Katika safari ya neno hilo limo somo zima la huduma za umma: malipo yakitengwa na wajibu, yanaoza.

Utawala wa Kiingereza ulihitaji njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza Barabara ya Mackinnon, kutoka pwani kuelekea Kibwezi. Katikati ya muongo huo Kapteni Bertram Sclater aliiendeleza kupitia Eldama Ravine na Mumias kuelekea mpaka wa Uganda. Ni katika miaka hiyohiyo, mwaka 1895, Wabukusu wa Bungoma walipopigwa vita na Waingereza huko Lumboka na Chetambe. Ngome za Wabukusu zilikuwa na kuta za udongo na mahandaki yenye kina, kazi ya jembe iliyopangwa na wenyeji wenyewe kwa usalama wao. Mabaki ya Chetambe yangali kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Webuye. Yafaa kukumbukwa, kwa sababu haukupita muda mrefu majembe yaleyale yakaamriwa kuchimba mitaro ya barabara ambazo wachimbaji hawakuulizwa zielekee wapi.

Chombo cha amri hiyo kilikuwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912. Iliwapa machifu na wazee wa serikali uwezo wa kuwatoa watu kwa kazi za jumuiya bila ujira, hadi siku 24 kwa mwaka. Marekebisho ya mwaka 1920 yaliongeza kazi ya lazima ya serikali, yenye ujira mdogo, hadi siku 60. Uingereza ilikwisha kuyaonja hayo nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 1555 iliwataka watu wa kila parokia wafanye kazi ya barabara siku 4 kwa mwaka, na mwaka 1563 siku hizo zikawa 6. Kazi ilifanywa shingo upande, barabara zikabaki mbovu kwa karne tatu, hata mwaka 1835 desturi hiyo ikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi na vibarua wa kulipwa. Miaka 77 baadaye dola hiyohiyo iliwatwisha watu wa Kenya mzigo iliyokuwa imeutupa, tena kwa kipimo mara nne. Huo ulikuwa udhalimu, na haustahili jina jingine. Mkutano wa Lundha, Gem, wa Desemba 1921, uliozaa vuguvugu la Piny Owacho, uliipinga kazi ya lazima pamoja na kodi na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha vibarua.

Reli ilizidisha tofauti. Njia kuu ya kwenda Uganda, ipitayo Webuye (wakati huo Broderick Falls) na Bungoma, ilijengwa katika miaka ya 1920, na tawi la Kitale likafunguliwa mwaka 1926. Barabara zikawa vijito vya kuilisha reli. Walowezi wa Trans Nzoia, walioongezeka hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walipewa nafasi ya kuunda mabaraza ya wilaya chini ya sheria ya mwaka 1928, pamoja na ruzuku ya serikali kwa barabara zilizounganisha mashamba na stesheni. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya North Kavirondo iliyoimeza Bungoma, barabara ilitengenezwa kwa amri ya chifu na kiboko cha nyapara. Mlipa kodi wa kibanda alichangia mfuko uleule uliomtengenezea jirani yake njia.

Hapo ndipo ulipozaliwa msemo ambao haujafa: barabara ya serikali. Mtu huona kalivati limejaa matope mbele ya boma lake na kulipita, kwa kuwa babu yake alifundishwa kwamba kalivati hilo ni la mwingine. Lawama ya kwanza ni ya aliyefundisha hivyo. Lawama ya pili ni ya tawala zilizofuata, ambazo mara nyingi zimeileta barabara kama zawadi ya mkubwa badala ya mali ya mlipa kodi.

Kenya huru ilipata dawa iliyofaa mwaka 1974, ilipoanza Mpango wa Barabara za Vijijini kwa ushauri wa Shirika la Kazi Duniani. Wenyeji, wanaume kwa wanawake, waliajiriwa karibu na kwao na kulipwa kwa kazi ya siku iliyopimwa: urefu fulani wa mtaro au idadi fulani ya toroli za changarawe, na aliyemaliza mapema alikwenda shambani kwake. Vifaa vilikuwa jembe, sepeto, karai na toroli, huku trekta zikivuta changarawe kutoka mbali. Mafunzo ya wasimamizi yalijikita Kisii. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango huo ulikuwa umejenga karibu kilomita 8,000 nchini.

Urithi wake bora ni mtunza barabara. Barabara ilipokamilika, mmoja wa vibarua walioijenga alipewa mkataba wa kutunza sehemu fupi, kilomita moja au mbili jirani na nyumbani kwake, kwa siku chache kila wiki. Kazi yake ilikuwa na utaratibu: kwanza kufungua makalivati na mitaro, kisha kurekebisha mawe yanayopunguza kasi ya maji mteremkoni, kuziba mashimo yakiwa madogo, kufyeka nyasi, na kurudisha mgongo wa barabara ili maji yamwagike pande zote mbili. Hakuhitaji dizeli wala kusubiri zabuni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi alijua palipoziba. Majirani walimjua kwa jina, na aliyezembea aliulizwa sokoni. Wajibu na malipo vilikaa tena mahali pamoja, kama kwenye kisima cha Ugogo.

Mfumo huo ulirithiwa na Mpango wa Barabara Ndogo wa mwaka 1986 na ule wa Roads 2000 ulioufuata, kisha katika sehemu nyingi ukadhoofika. Greda lilipendwa zaidi kwa sababu linaonekana. Hupita siku moja, hulainisha uso, na lisiposimamiwa vizuri husukuma udongo na kuufukia mtaro uleule uliopaswa kuilinda barabara. Mvua ya kwanza humaliza kazi yote.

Gharama ya barabara mbovu huonekana kwenye gunia la mahindi. Bohari za nafaka za serikali hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima wa Endebess au Kimilili huyaanika kwa siku kadhaa, kisha lori likakwama tope la magoti huku mvua ikinyesha juu ya turubai bovu. Mahindi yale hukataliwa, au dalali huyachukua kwa bei anayotaka yeye. Maziwa huharibika haraka zaidi, na mama mjamzito juu ya bodaboda hana saa za kungoja. Mwalimu, chanjo na dawa hupita juu ya barabara ileile, kwa hiyo huduma nyingine za umma huanguka nayo. Wala barabara haiwezi kuachiwa soko, kwa maana mlinzi wa kizuizi cha malipo kwenye njia ya kijiji angekula zaidi ya anachokusanya. Lazima wote waichangie, naye asiye na gari anufaike kwa bei ya unga.

Mchango huo upo. Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa matengenezo kwenye mafuta, na tangu Julai 2024 umekuwa shilingi 25 kwa lita, kutoka 18. Mwenye bodaboda anayenunua lita mbili Kanduyi ametoa shilingi 50. Hiyo ni hongo katika maana yake ya kale na ya heshima, na aliyeipokea anadaiwa. Magavana husema Katiba imewapa barabara za kaunti. Wabunge hutetea mgao ambao kwa muda mrefu umepitia maeneobunge. Mwananchi hauoni mpaka kati ya barabara ya kaunti na ya taifa. Kati ya Musikoma na Kanduyi, kaunti ya Bungoma yenyewe ilibeba ujenzi wa njia mbilimbili kwenye barabara kuu.

Yeyote atakayepewa fedha hizo, sehemu yake ya kwanza yapasa kutengewa watunza barabara kabla ya greda kuwashwa. Kila barabara ya changarawe iwe na mtu wake wa karibu, mkataba wake na malipo yake ya kila mwezi, na jina lake na kiasi anacholipwa vibandikwe ofisini kwa chifu na sokoni, Chwele kama Kiminini. Mkaguzi apite mvua ikinyesha, maana mtaro hauwezi kukaguliwa wakati wa kiangazi. Mvua ndefu huanza Machi. Mikataba hiyo yapasa kuwa imetiwa saini kufikia Januari, ili makalivati yawe wazi kabla ya tone la kwanza.