Menyu ya Programu na Tatizo la Herufi ya Kwanza

Kupanga menyu ya programu za kompyuta ni kazi ambayo kwa kawaida huachiwa fundi, ilhali kwa asili yake ni kazi ya mtunga kamusi. Anayeipanga ana vitu vingi mbele yake. Inambidi avipe majina, aamue kipi kiingie chini ya kipi, na amwezeshe mtafutaji, ambaye aghalabu si yeye mwenyewe, kukifikia anachokitaka bila kupekua orodha nzima. Ugumu anaokutana nao ni ule ule uliowakabili watunga kamusi za Kiswahili, nao unatokana na muundo wa maneno ya lugha hii.

Yafaa kwanza kueleza menyu yenyewe ni kitu gani. Menyu ya kuanzia ya Windows, iliyoingia sokoni tarehe 24 Agosti 1995 pamoja na Windows 95, haikuwa na programu ndani yake. Ilikuwa kabrasha, yaani folda, lililojaa mafaili madogo ya kilobaiti chache, na kila moja lilieleza tu mahali programu fulani ilipohifadhiwa katika diski. Mafaili hayo huitwa njia za mkato, na istilahi hii inafaa sana, kwani msemaji wa Kiswahili anajua kwamba kijia kinachokatiza shambani si nyumba kinakoelekea. Kikizibwa, nyumba inabaki pale pale. Vivyo hivyo, njia ya mkato inaweza kufutwa, kuhamishwa au kubadilishwa jina, na programu isidhurike. Kinachodhuru ni kuihamisha au kuifuta programu yenyewe kwa kudhani kwamba inayoguswa ni njia tu. Katika ofisi ambamo watu watano hutumia kompyuta moja, karani asiyetofautisha mambo haya mawili huogopa kugusa chochote.

Hofu hiyo ina gharama yake. Menyu isiyoguswa hubaki jinsi programu zilivyojiweka zenyewe, na kwa miaka mingi programu nyingi zilijiweka chini ya jina la kampuni iliyozitengeneza. Aliyetaka kuchora alipaswa ajue kwanza ni nani aliyeuza programu ya kuchorea. Ni kama duka la vyombo linalopanga sufuria kwa majina ya viwanda. Asiyesoma Kiingereza kwa wepesi hujiokoa kwa kukariri mahali: ya tatu kutoka juu, kisha ya pili katika orodha inayofunguka pembeni. Siku programu mpya inapoongezwa, ya tatu inakuwa ya nne, na maarifa yake yote yamekwenda na maji.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Katika Windows XP ya mwaka 2001 ilitosha kubofya alama ya kuanzia kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kulifungua kabrasha la menyu, kuunda makabrasha mapya kwa kufuata kazi zinazofanywa, na kuburura njia za mkato kuziingiza humo. Kulikuwa na makabrasha mawili, la mtumiaji binafsi na la watumiaji wote. Busara ilikuwa kuanza na la binafsi, maana aliyepanga upya la wote aliwahamishia wenzake samani gizani.

Tatizo la kiisimu hujitokeza katika majina. Mtumiaji wa Kiswahili anayepanga menyu kwa kufuata kazi huelekea kuandika Kuandika Barua, Kuchapa, Kuchora, Kuhesabu, Kusikiliza Muziki. Orodha inapopangwa kwa alfabeti, makabrasha yote matano hurundikana chini ya K. Akiyaita Programu ya Barua na Programu ya Hesabu, hurundikana chini ya P. Akitumia majina ya vifaa, kama vile kikokotoo na kinasa sauti, anajikuta amerudi K. Sababu ni kwamba herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili mara nyingi ni ya kiambishi: hutambulisha ngeli, au huonyesha kitenzi-jina, huku maana ikisubiri katika mzizi. Kiingereza huiweka alama yake ya kitenzi-jina mwishoni mwa neno, na hivyo orodha yake hutawanyika yenyewe katika alfabeti. Mswahili akifuata utaratibu huo huo hupata orodha isiyotenganisha chochote.

Watunga kamusi walilitatua jambo hili kwa njia mbili. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, aliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyao, mpishi akawa pamoja na pika. Undugu wa maneno ulihifadhiwa, lakini asiyeujua mzizi alipotea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) iliorodhesha nomino kwa herufi zake za kwanza. Mpishi akaenda M, upishi ukaenda U. Kutafuta kukawa rahisi, na ndugu wakatawanyika. Kila uamuzi ulikuwa na hasara yake, kwa sababu kulieleza neno moja kikamilifu mahali pawili ni kuongeza unene wa kitabu. Menyu haina kikwazo hicho. Mwalimu anayetumia Excel kwa alama za mitihani na kwa hesabu za ada aweza kuweka njia moja ya mkato katika kabrasha la Mitihani na nyingine katika kabrasha la Ada, na zote mbili zikafika kwenye programu ile ile.

Jina nalo lafaa lianze na sehemu yenye maana. Nomino zisizo na kiambishi dhahiri, kama barua, hesabu, picha na sauti, ndizo bora. Pale panapohitajika kitenzi, hali ya kuamuru inatosha: Andika, Chapa, Chora, Sikiliza. Hapo ku- imeanguka na mzizi umesimama mbele, wala hapana utovu wa adabu, kwa kuwa anayeamrishwa ni mashine. Jina la kibiashara lisifutwe. Liwekwe nyuma, Hesabu - Excel, ili mgeni aliyefundishwa kwingine naye aione njia.

Manufaa ya kutia maana ndani ya jina yalionekana menyu ilipobadilika. Windows 8 ya mwaka 2012 iliiondoa menyu ya zamani, na Windows 10 ya mwaka 2015 ilipoirudisha, haikuonyesha tena kabrasha ndani ya kabrasha. Kabrasha la Ofisini, lililokuwa na Barua na Hesabu ndani yake, likawa orodha moja isiyo na mgawanyo. Aliyekuwa ametegemea makabrasha peke yake alianza upya. Aliyekuwa ameandika Barua - Word na Hesabu - Excel aliendelea na kazi yake.