Darubini ya Bunduki ya .22: Umbali Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Mnunuzi wa darubini ya bunduki huvutwa kwanza na namba kubwa. Sanduku lililoandikwa 6-24x50 huonekana kuahidi mengi kuliko lililoandikwa 4x32, na kwa kuwa bei nayo hupanda pamoja na namba, mtu huamini kwamba aliye na fedha zaidi ndiye atakayepiga shabaha vizuri zaidi. Namba hizo zina maana rahisi: zilizo kabla ya x ni mara ngapi darubini inakuza kitu, na ile ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lakini kwa bunduki ndogo ya .22, swali linaloamua ubora wa darubini halijibiwi na namba yoyote kati ya hizo. Swali lenyewe ni hili: darubini hii imetengenezwa ionyeshe sawasawa kwa umbali gani? Anayelijibu kwanza atapata chombo kinachomfaa, mara nyingi kwa bei nafuu. Anayeliruka anaweza kununua kioo kizuri sana kilichokusudiwa bunduki nyingine.

Tuanze na risasi yenyewe, kwa maana ndiyo inayopanga umbali. Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1887, na hadi leo ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani. Baruti ya kuiwasha imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na ili ukingo huo upondeke kwa kugongwa, ganda lazima liwe laini. Ganda laini halistahimili mgandamizo mkubwa, kwa hiyo risasi haiwezi kwenda kasi sana. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6, na ile ya mwendo wa kawaida hutoka mtutuni kwa takriban mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Bunduki ikishasawazishwa ipige sawa kwa mita 50, risasi hiyo huwa imeshuka zaidi ya sentimita 20 ifikapo mita 100. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokatiza njia yake huisogeza sentimita 2 au 3 kwa mita 50, na karibu 10 kwa mita 100.

Ndiyo maana kazi zote za kawaida za bunduki hii ziko karibu. Mashindano ya kimataifa ya bunduki ndogo hupigwa kwa mita 50. Mchezo wa biathlon, unaochanganya kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, ulihamia kwenye risasi ya .22 na umbali wa mita 50 mwaka 1978. Huko Uingereza, ambako Sheria ya Wadudu na Wanyama Waharibifu ya mwaka 1954 inampa mwenye shamba wajibu wa kudhibiti sungura, bunduki ya .22 ni kifaa cha kawaida cha kazi hiyo, na mpigaji mwangalifu hupendelea kukaribia kuliko kubahatisha kutoka mbali. Kwa ufupi, uwanja wa risasi hii unaanza kwenye mita 20 hivi na kwa wengi unakoma kwenye mita 100.

Sasa tuitazame darubini. Ndani yake mna mistari ya kulengea, na mna taswira ya shabaha inayoundwa na lenzi ya mbele. Vitu hivyo viwili vikikutana mahali pamoja, mistari hukaa juu ya shabaha hata jicho likisogea. Visipokutana, jicho likihama kidogo kutoka katikati, mistari nayo huonekana kuhama, ingawa bunduki haijatikisika. Ni jambo lile lile linalomfanya abiria wa kiti cha mbele asome mwendo tofauti na anaousoma dereva kwenye mshale wa spidi. Wataalamu huuita mkengeuko huo paralaksi. Katika darubini isiyo na kirekebishi, kiwanda huchagua umbali mmoja tu ambao paralaksi haipo. Zile za bunduki kubwa za kuwindia kwa kawaida hupangwa kwa yadi 100, yaani mita 91, au zaidi. Zile zilizokusudiwa .22 hupangwa kwa yadi 50 au 60.

Tofauti hiyo si ya kinadharia. Inapimika kwa hesabu nyepesi. Kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea ni nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, ukizidisha kwa tofauti kati ya umbali wa shabaha na umbali uliopangwa kiwandani, kisha ukigawa kwa umbali huo uliopangwa. Chukua darubini ya lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100, uielekeze shabaha iliyo mita 50. Jibu ni milimita 10. Kwa mita 25 ni milimita 15. Darubini ndogo ya milimita 32 iliyopangwa kwa mita 50 haina kosa lolote kwa mita 50, na kwa mita 25 kosa lake la juu ni milimita 8. Milimita 10 zinaweza kuonekana kidogo mpaka uzilinganishe na duara la alama 10 kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50, ambalo kipenyo chake ni milimita 10.4 tu. Risasi iliyostahili kupita katikati kabisa huishia kwenye alama 9, na mpigaji hulaumu kidole chake, upepo au risasi, kumbe kosa limo kwenye chombo.

Yuko atakayesema kwamba hilo ni kosa la juu kabisa, na kwamba mpigaji anayeweka shavu lake mahali pale pale kila mara halipati. Ni kweli, na mafunzo mema ya mkao hupunguza sehemu kubwa ya tatizo. Lakini hapo ndipo lenzi kubwa inapoanza kujidhuru yenyewe. Lenzi ya mbele ya milimita 50 haiwezi kukaa chini juu ya mtutu. Hulazimu pete ndefu za kuinua darubini. Darubini ikiinuka, shavu huachana na kitako cha bunduki, kichwa huelea, na jicho hukosa mahali pa kutulia. Chombo kilichonunuliwa ili kuongeza usahihi kinavunja mkao ambao ungeficha kasoro yake. Isitoshe, bunduki ya kawaida yenye risasi za bei ya kawaida hutawanya matundu yake ndani ya duara la sentimita 2 hadi 3 kwa mita 50. Kuongeza sentimita nzima ya kosa la kioo juu ya mtawanyiko huo ni hasara ya wazi.

Hoja ya pili ya wapenda namba kubwa ni kwamba ukuzaji mkubwa humwezesha mtu kuona vizuri zaidi. Humwezesha kuona kikubwa zaidi, ambalo ni jambo jingine. Darubini ya mara 4 hufanya kitu kilicho mita 50 kionekane kama kiko mita 12.5, na mtu mwenye macho mazima huona vya kutosha hapo. Ya mara 9 hukileta karibu mita 5.6. Zaidi ya hapo, kinachokuzwa ni pamoja na mtetemo wa mikono na mawimbi ya joto yanayopanda kutoka ardhini, huku eneo linaloonekana likipungua. Mwanga nao hupungua. Ukigawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwali unaolifikia jicho: 32 kwa 4 ni milimita 8, lakini 50 kwa 24 ni milimita 2 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kwa hiyo jioni, wakati sungura wanapotoka kula, ile darubini ndogo ya bei rahisi inaweza kuonyesha picha yenye mwanga zaidi kuliko kubwa iliyofunguliwa hadi mwisho.

Kuna pingamizi la upande wa pili: wapigaji wa Olimpiki na wa biathlon hawatumii darubini inayokuza hata kidogo, na bado hupiga vizuri kuliko sisi sote, basi ya nini? Jibu liko kwenye shabaha zao. Katika Olimpiki ni duara jeusi la milimita 112.4 juu ya rangi nyeupe, na umbali haubadiliki. Katika biathlon, sehemu inayohesabiwa ni milimita 45 kwa anayelala na 115 kwa anayesimama, nayo ni nyeusi mbele ya rangi nyeupe. Tundu dogo la kulengea linatosha pale ambapo shabaha inajitangaza yenyewe. Kwenye majani, kwenye kivuli, au kwa jicho la mtu wa miaka 50 ambalo haliwezi tena kuona vilengeo vya bunduki na shabaha kwa pamoja, ukuzaji wa kiasi ni msaada halisi. Wanamichezo hao wanathibitisha kwamba mkao ndio mama wa usahihi. Hawathibitishi kwamba darubini haina kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la darubini zenye kirekebishi cha paralaksi, zinazoweza kusogezwa kuanzia mita 10 au 25 hadi mbali. Hizo kweli huondoa tatizo, na kwa anayeshindana kwa umbali unaobadilika kila raundi, au anayepiga .22 kupita mita 100 kwa makusudi, ndizo zinazofaa. Vivyo hivyo, risasi ya .17 HMR iliyotoka mwaka 2002 huenda kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde, na darubini iliyopangwa kwa mita 100 inaifaa. Hata hivyo, kanuni haijabadilika. Hao nao wameanza na umbali. Kwa wengine, kirekebishi ni uzito, gharama na jambo moja zaidi la kusahau wakati wa kulenga.

Isidhaniwe kwamba kwa kuwa .22 haina teke kali, takataka yoyote itafaa. Darubini hafifu hupoteza mpangilio wake hata kwa mtikisiko mdogo, na mistari isiyorudi mahali pake haina thamani. Vishikizo navyo viangaliwe: bunduki nyingi za .22, kama CZ 457, zina mfereji wa milimita 11, na pete za reli pana ya Picatinny hazikai juu yake.

Hukumu yangu ni hii. Kwa .22 ya kazi za mita 20 hadi 100, chagua darubini ya mara 4, au ya mara 2 hadi 7, yenye lenzi ya milimita 32 hivi, iliyopangwa kwa yadi 50, na uifunge chini kadiri inavyowezekana. Kumbuka pia kwamba risasi hii ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na darubini hukuonyesha shabaha bila kukuonyesha yote yaliyo nyuma yake; tafuta na utambue kwa macho au kwa darubini ya mkononi, si kwa kuelekeza mtutu. Kabla ya kulipa, omba bunduki iliyohakikishwa kuwa tupu ilazwe juu ya mfuko wa mchanga kwenye uwanja wa shabaha, darubini ikiwa juu yake, ikielekea alama iliyo mita 50. Sogeza kichwa taratibu juu na chini bila kuigusa bunduki. Mistari ikitembea juu ya alama, rudisha darubini hiyo hata kama inakuza mara 24.