Polisi na Kinga ya Ukatili dhidi ya Wanawake na Wasichana

Watu wengi humfikiria askari polisi kuwa ni mtu anayefika baada ya tendo: mtu amekwisha kuumizwa, ndipo gari la polisi linapoonekana. Hata hivyo, kazi ya kwanza ya polisi ni kuuzuia uhalifu usitokee. Kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, kazi hiyo ina ugumu wa pekee. Mara nyingi ukatili huo hutendeka ndani ya nyumba, na mtendaji huwa mtu anayefahamika na mwathirika. Askari wa doria hawezi kuuona kutoka barabarani. Hana budi kuambiwa.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakwenda popote kutafuta msaada. Kwa hiyo kinga huanzia mahali ambapo mtu anaweza kusema bila kuona haya.

Dawati

Zamani mwanamke aliyekwenda kituoni alilazimika kueleza mambo yake kaunta, mbele ya kila aliyekuwapo. Mwaka 1985 mji wa São Paulo, nchini Brazil, ulifungua kituo cha polisi kwa ajili ya wanawake, na nchi nyingine zikabuni njia zao. Jeshi la Polisi Tanzania lilianza kuweka Madawati ya Jinsia na Watoto mwaka 2008, na sasa yapo zaidi ya 400. Madawati hayo yamekusudiwa kuwa mahali pa faragha, penye askari waliofunzwa kusikiliza.

Kusikiliza huko si huruma tu. Ukatili wa nyumbani aghalabu hurudiwa na kukua: matusi, vitisho, kofi, kisha silaha. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye baadaye, hata kama safari ile hakuachiwa alama yoyote shingoni. Askari anayelijua jambo hili huuliza: Je, amewahi kukukaba? Je, ametishia kukuua? Majibu humwonyesha nani anahitaji ulinzi siku ile ile.

Saa 72

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inayotumika Tanzania Bara, iliweka adhabu kali. Mtu mzima anayepatikana na hatia ya kubaka hufungwa si chini ya miaka 30. Lakini wataalamu wa elimu ya uhalifu wameona kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa si ukali wa adhabu peke yake, bali zaidi ni hakika ya kukamatwa. Miaka 30 haimtishi mtu anayeamini kuwa kesi haitafika mahakamani.

Hakika hiyo hujengwa kwa ushahidi, nao ushahidi huharibika upesi. Vinasaba vilivyomo katika manii au damu huweza kupungua au kupotea kwa kuoga na kufua. Katika nguo mbichi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, bakteria na ukungu huviharibu. Kwa hiyo nguo hukaushwa bila kuanikwa juani, kisha huhifadhiwa katika mfuko wa karatasi. Polisi hutoa fomu ya PF3, daktari huandika humo aliyoyaona, na vielelezo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Muda huo huo ni muhimu kwa afya pia: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28. Katika vituo vya mkono kwa mkono, matibabu, polisi na ushauri hupatikana mahali pamoja, ili saa hizo zisipotee njiani.

Majira

Ukatili mwingine una kalenda. Miongoni mwa Wakurya wa Tarime, mkoani Mara, ukeketaji aghalabu hufanyika mwezi Desemba, shule zinapofungwa, na hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Kwa kuwa majira yanajulikana, polisi huweza kutangulia: huwaonya wazee na mangariba, hufanya doria, na huwapeleka wasichana wanaokimbia katika nyumba salama. Nchini kote, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996; mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 10. Elimu, dini na jitihada za wananchi zina sehemu kubwa katika badiliko hilo. Tena nguvu ya dola peke yake ina hatari yake, kwani katika baadhi ya sehemu watu wameanza kuwakeketa kwa siri watoto wachanga, wasioweza kukimbia wala kusema.

Mahali pa shule

Kinachovunja kazi hii yote ni desturi ya kumalizana nyumbani. Wazee hukaa, fidia hulipwa, shahidi haonekani mahakamani, na mtendaji hujifunza kwamba tendo lake lina bei tu. Msichana hubaki akiishi jirani naye.

Mwalimu huweza kuona dalili kabla ya polisi: mwanafunzi aliyeanza kunyamaza, anayeogopa kurudi nyumbani, au anayetajiwa safari ya ghafla kwa bibi mwezi Desemba. Si kazi ya mwalimu kupeleleza, wala kumhoji mtoto mara kwa mara. Kazi yake ni kumsikiliza, kuandika aliyoyasema kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo kwa dawati, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwa simu namba 116, isiyolipiwa. Taarifa iliyotolewa Novemba huweza kumwokoa msichana. Ikitolewa Januari huweza tu kumfungulia kesi aliyemuumiza.