Ridhaa si Kunyamaza

"Tuma lokesheni." Hapa Karama maneno hayo tunayasikia kila siku, kwa dereva, kwa mleta chakula, hata kwa mama aliyeko Mombasa. Majengo yanafanana, na mgeni huelekezwa kwa jina la mkahawa ulio chini.

Mwenzetu tunayekaa naye alipofika Dubai, binamu yake alimwomba amwonyeshe mahali alipo kwenye simu, asije akapotea njiani kutoka uwanja wa ndege. Akabonyeza, akafika salama, akasahau. Miezi miwili baadaye binamu akamuuliza mbele ya watu, "Jana usiku Deira ulifuata nini?" Alikuwa kwa rafiki wakijiandaa na mtihani, lakini habari ilikwisha fika nyumbani. Binamu akajitetea, "Si ulikubali mwenyewe?"

Alikubali nini hasa? Usiku ule tulibishana, na kama wanafunzi wa Kiswahili tukaanzia kwenye maneno. Idhini ni ruhusa. Ridhaa ni kuwa radhi, na mtu anaweza kutoa ruhusa huku moyo haujaridhika. Katika posa za pwani, kimya cha mwari kilihesabiwa ridhaa. Kwenye simu kipimo hicho hakifai.

Sheria ya Falme za Kiarabu ya ulinzi wa data binafsi, Na. 45 ya 2021, inataka ridhaa iwe mahsusi na wazi, itolewe kwa tamko au kitendo, na mwenyewe aweze kuiondoa kwa urahisi. Kenya ina sheria yake ya 2019, Tanzania ya 2022. Zimelenga zaidi kampuni na taasisi kuliko binamu, lakini kipimo chake kinatufaa hata sebuleni.

Basi sisi tulikubaliana maswali manne kabla ya kubonyeza: Nani ataona? Kwa ajili gani? Mpaka lini? Naweza kufunga bila kugombezwa? Ridhaa ya mwenzetu ilikuwa ya safari moja, nayo iliisha alipofika mlangoni. Yaliyofuata yalikuwa upelelezi, japo wa mapenzi.

Kwa Kiarabu, jina la mtaa wetu ni heshima na utu. Mwenzetu alifunga lokesheni. Binamu alinuna wiki nzima, kisha akapiga simu, "Uko wapi?"

Siku hizi huuliza hivyo. Naye hujibu, akipenda.